KENGELE YA CHEMSHA BONGO ISIYOJUA CHEO

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Sisi tunaoishi kambini twaweza kuongeza kwamba penye watoto wengi pana kesi nyingi. Jioni ya Jumapili, askari anapokuwa amevua sare na kuketi barazani mwa nyumba yake, jamii za nyumba mbili tatu hukutana, mtu mzima mmoja akasoma maswali na watoto wakashindana kuyajibu. Mchezo huo, ambao sote twaujua kwa jina la chemsha bongo, ni mchezo wa heshima. Hauhitaji uwanja wala jezi, hauna gharama, na humwongezea mtoto elimu bila ya yeye kujua kwamba anasoma. Hata hivyo una dosari moja, nayo haitoki katika maswali wala katika majibu. Inatoka katika ule ubishi wa kila siku: ni nani aliyewahi?

Mimi mwandishi wa makala hii niliwahi kuangushwa na ubishi huo. Nilikuwa sajini katika kambi moja ya polisi, na kwa kuwa baraza lilikuwa langu, uamuzi nao ukawa wangu. Jumapili moja pande mbili zilikuwa sawa kwa pointi, likabaki swali la mwisho: kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Rwenzori kinaitwaje? Mikono miwili ikapanda. Mmoja ulikuwa wa mwanangu wa kiume, na wa pili ulikuwa wa binti wa konstebo jirani yetu. Nikampa nafasi mwanangu, naye akajibu kwa sauti kuu, “Margherita!” Jibu lilikuwa sahihi, na upande wake ukashinda. Yule binti hakulia wala hakubisha. Alisema tu, “Haya, baba,” akavaa kandambili zake na kwenda kwao. Jumapili iliyofuata hakuja. Asubuhi yake baba yake alinipigia saluti langoni kama kawaida, bila ya neno lolote, na saluti ile ilinilemea kuliko mashtaka.

Nilipomweleza habari hizo koplo mmoja, fundi wa idara ya magari, alicheka kisha akasema, “Afande, wewe ni mzazi wa mmoja wa wenye kesi, na bado umekaa kitini pa hakimu. Kaa pembeni. Nitakupa hakimu asiyejua cheo.” Hakimu huyo ni kisanduku kidogo chenye vitufe, taa mbili na kengele moja. Makala hii inaeleza jinsi ya kukitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana katika duka lolote la vipuri vya magari.

JICHO SI MIZANI

Huenda msomaji akauliza: kwani mtu mzima mwenye macho mazima hawezi kuona mkono upi umetangulia? Anaweza, ikiwa tofauti ni kubwa. Lakini mtu aliye macho, akisikia au akiona ishara aliyokuwa akiingojea, huchukua yapata sehemu mbili za kumi ya sekunde hadi kukitikisa kidole chake. Watoto wawili wenye akili sawa hutofautiana kwa sehemu chache tu za mia ya sekunde. Tofauti hiyo jicho la mwamuzi haliwezi kuipima kwa hakika.

Tena liko jambo jingine lililo baya zaidi. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamejua tangu zamani kwamba mambo mawili yakitokea kwa pamoja, lile ambalo mtu amelielekezea mawazo yake huonekana kwake kuwa ndilo lililotangulia. Mzazi anayemtazama mwanawe kwa upendo humwona mwanawe akiwahi. Hasemi uongo, kwani ndivyo alivyoona. Askari polisi ambaye amewahi kuandika maelezo ya mashahidi wawili wa ajali moja hatashangazwa na habari hii.

Historia inacho kisa chake. Mwaka 1796, katika kituo cha kutazama nyota cha Greenwich, Uingereza, mkuu wa kituo Nevil Maskelyne alimfukuza kazi msaidizi wake David Kinnebrook kwa sababu nyakati alizoandika nyota zikipita mbele ya darubini zilitofautiana na za mkuu wake kwa yapata sehemu nane za kumi ya sekunde. Kijana huyo alihesabiwa kuwa mzembe. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Bessel, aliwalinganisha watazamaji mabingwa na kuona kwamba kila mmoja ana tofauti yake, naye hawezi kuiondoa kwa juhudi wala kwa nidhamu. Kinnebrook hakuwa mzembe. Macho yake hayakuwa macho ya mkuu wake, basi, na aliyepoteza kazi alikuwa yule mwenye cheo kidogo.

Ndiyo maana mashindano makubwa hayamwachii mwanadamu uamuzi huo. Mchezo wa University Challenge ulipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza mwaka 1962, wanafunzi walibonyeza vitufe. Katika mchezo wa Jeopardy! wa Marekani, tangu mwaka 1985 vitufe hufungwa mpaka swali limalizike kusomwa, na anayebonyeza mapema huzuiwa kwa robo ya sekunde. Hapa kwetu Afrika Mashariki, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uganda, Kenya na Tanzania walianza kupambana kwa vitufe katika mashindano ya televisheni ya mwaka 2007. Linalofaa kwa vyuo vikuu halikosi kufaa kwa baraza la kambi.

KIFAA KIITWACHO RILEI

Moyo wa kisanduku chetu ni rilei mbili za gari. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake mna koili ya waya iliyozungushwa juu ya chuma. Umeme ukipita katika koili, chuma kinakuwa sumaku na kuvuta ulimi mdogo wa chuma. Umeme ukikatika, springi huurudisha ulimi mahali pake. Mmarekani Joseph Henry alikionyesha kifaa cha namna hiyo mwaka 1835, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa katika simu za maandishi za akina Samuel Morse, ambazo laini yake ya Washington hadi Baltimore ilifunguliwa mwaka 1844. Leo kila gari la kikosi lina rilei za taa, honi na feni.

Rilei tunayoitaka ni ile ya volti 12 yenye miguu mitano. Miguu hiyo ina nambari zilizoandikwa chini yake, nazo ni zile zile popote inapouzwa. Nambari 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Nambari 30 ni shina la ulimi. Nambari 87a, iliyo katikati, ndiyo inayoguswa na ulimi wakati rilei imepumzika. Nambari 87 ndiyo inayoguswa wakati rilei imevuta. Mnunuzi awe mwangalifu, kwa maana ziko rilei za miguu mitano zenye 87 mbili na zisizo na 87a. Hizo hazitufai. Kwa kupima, pitisha umeme wa betri na globu moja katika miguu 30 na 87a. Rilei ikiwa imepumzika, globu lazima iwake.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Tayarisha rilei mbili za namna hiyo, globu mbili ndogo za gari za volti 12, wati 5, pamoja na vishikizo vyake, kengele moja ndogo ya volti 12, kama ile inayolia gari linaporudi nyuma, dayodi nne za namba 1N4007, fyuzi moja ya ampea 3, swichi mbili za kawaida, moja kubwa ya mwamuzi na moja ndogo ya kunyamazisha kengele, vitufe vya kengele ya mlangoni, kimoja kwa kila mchezaji, waya mwembamba, na sanduku la mbao au la plastiki. Taa moja ifunike kwa plastiki nyekundu na ya pili kwa plastiki ya buluu.

Umeme utoke katika betri ya pikipiki, au betri ya sola ya volti 12, au mawe manane makubwa ya tochi yaliyopangwa kwa mfululizo. Kisanduku kisipotumiwa hakili umeme hata kidogo. Taa moja ikiwaka, globu hutumia kama ampea 0.4 na koili kama ampea 0.15, yaani jumla haizidi sana ampea 0.6. Ikiwa kila swali linawasha taa kwa sekunde 10, maswali 60 ni dakika 10 tu za matumizi, sawa na ampea-saa 0.1. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 5 haitahisi mzigo huo.

Hapa pana neno moja la nidhamu. Rilei, waya na betri vinunuliwe dukani kwa fedha ya mtu mwenyewe, au vitolewe katika gari bovu la mtu binafsi kwa ruhusa yake. Mchezo wa haki hauwezi kujengwa kwa mali iliyochukuliwa ghalani mwa serikali bila idhini.

WALINZI WAWILI NA MALANGO MAWILI

Kabla ya kushika waya ni vema kuielewa kanuni, kwa sababu fundi anayeelewa hurekebisha kosa lake mwenyewe. Fikiri juu ya walinzi wawili, Mwekundu na Mbuluu. Kila mmoja amewekwa kulinda lango la mwenzake: Mwekundu anashika wazi lango ambalo mjumbe wa Mbuluu atapitia, na Mbuluu anashika wazi lango la mjumbe wa Mwekundu. Mjumbe wa Mwekundu akifika kwanza, anapita na kumwita mlinzi wake. Hapo Mwekundu anaacha lango alilokuwa akilishika, nalo linajifunga, naye anakwenda kusimama mlangoni pake mwenyewe na kuushikilia mlango usifungwe. Mjumbe wa Mbuluu akija baadaye, anakuta lango limefungwa. Hata akibisha hodi mara mia hatapita, mpaka mkuu atoe amri ya wote kurudi mahali pao.

Lango ni mguu 87a. Mlango wa kujishikilia ni mguu 87. Mjumbe ni umeme unaopita katika kitufe. Amri ya mkuu ni swichi ya mwamuzi. Rilei ya gari huvuta kwa muda wa yapata sehemu 5 hadi 10 za elfu ya sekunde, na kwa hiyo inaweza kutenganisha watoto wawili ambao jicho lingeapa kwamba wamekuwa sawa.

KUUNGANISHA

Kwanza, kutoka ncha chanya ya betri, pitisha waya katika fyuzi, kisha katika swichi kubwa ya mwamuzi. Kutoka hapo waya ugawanyike mara mbili, uende katika mguu 30 wa rilei nyekundu na mguu 30 wa rilei ya buluu.

Pili, unganisha mguu 85 wa kila rilei na ncha hasi ya betri.

Tatu, katika kila rilei unganisha mguu 87 na mguu 86 wa rilei ile ile kwa waya mfupi. Huo ndio mlango wa kujishikilia.

Nne, na hapa ndipo penye siri, chukua waya kutoka mguu 87a wa rilei ya buluu, uupeleke katika kitufe cha upande mwekundu, na kutoka ncha ya pili ya kitufe hicho uurudishe katika mguu 86 wa rilei nyekundu. Kisha fanya kinyume chake: kutoka 87a ya nyekundu kwenda katika kitufe cha buluu, na kutoka hapo kwenda 86 ya buluu. Tazama vizuri kwamba kila upande unapata umeme wake kwa mpinzani wake.

Tano, taa nyekundu iunganishwe kati ya mguu 86 wa rilei nyekundu na ncha hasi, na taa ya buluu kati ya mguu 86 wa rilei ya buluu na ncha hasi.

Sita, kengele. Kutoka kila mguu 86 pitisha dayodi moja kwenda katika ncha chanya ya kengele, mstari mweupe wa dayodi ukielekea kengele. Ncha hasi ya kengele ipite katika swichi ndogo ya kunyamazisha, kisha iende hasi ya betri. Dayodi hupitisha umeme kwa njia moja tu. Bila dayodi hizo mbili, umeme wa upande mmoja ungepita katika makutano ya kengele na kuiamsha rilei ya upande wa pili, na taa zote mbili zingewaka.

Saba, dayodi mbili zilizobaki zifungwe kila moja kati ya miguu 85 na 86 ya rilei moja, mstari mweupe ukielekea 86. Kazi yake ni kuumeza mshtuko wa umeme ambao koili hutoa inapokatiwa ghafla, mshtuko ambao huunguza ncha za swichi. Ukizigeuza, fyuzi itakatika mara tu utakapobonyeza, na hapo utajua ni kwa nini tuliagiza fyuzi.

Wachezaji wakiwa wanne kila upande, si lazima kuongeza rilei. Vitufe vyote vya upande mmoja viunganishwe sambamba katika nyaya mbili zile zile, na yeyote kati yao akibonyeza, taa ya upande wake itawaka. Kila kiungo kichomelewe kwa risasi na kufungwa utepe wa umeme. Kiungo kilicholegea ni shahidi anayebadili maneno mahakamani.

UKAGUZI KABLA YA PAREDI

Washa swichi ya mwamuzi. Taa zisiwake na kengele isilie. Bonyeza kitufe chekundu na kukiachia: taa nyekundu iwake na kubaki ikiwaka. Sasa bonyeza kitufe cha buluu: pasitokee lolote. Zima swichi ya mwamuzi na kuiwasha tena: kila kitu kirudi kimya. Kisha rudia yote kwa kuanza na buluu. Mwisho, watu wawili wabonyeze pamoja kwa makusudi, mara nyingi. Karibu kila mara taa moja itawaka. Ikitokea kwa nadra kwamba zote mbili zimewaka, hiyo ni sare ya kweli, na swali lifutwe.

Kosa likitokea, kisanduku chenyewe hulitaja. Taa ikizimika unapoachia kitufe, waya kati ya 87 na 86 haupo au umelegea. Upande wa pili ukiweza kuwasha taa yake baada ya wa kwanza, kitufe chake kimeunganishwa moja kwa moja na chanya badala ya 87a ya mpinzani. Taa zote zikiwaka kwa kitufe kimoja, dayodi ya kengele imeungua au imerukwa. Kengele isipolia ilhali taa zawaka, huenda dayodi zake zimegeuzwa. Na ikiwa vitufe vyote havifanyi kitu kabisa, chunguza kama ulinunua rilei zenye 87 mbili.

TAHADHARI

Kisanduku hiki ni cha volti 12 tu. Mtu yeyote asithubutu kukiunganisha na umeme wa nyumbani wa volti 240, kwa maana vitufe vitakuwa mikononi mwa watoto, na umeme huo huua. Betri ya asidi isimame wima mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na watoto. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri.

Jambo la pili lahusu sauti. Mtu asifunge honi ya lori wala king'ora. Kambi ina milio yake, na kila mlio una maana. Kengele ya mchezo isije ikawaamsha walio zamu na kuwatoa mbio na silaha zao. Kengele ndogo yatosha, na baada ya saa mbili usiku swichi ya kunyamazisha itumike, taa ziamue peke yake.

SHERIA ZA MCHEZO

Chombo chema hakiondoi haja ya sheria njema. Twapendekeza hizi. Mwamuzi anasoma swali, na anayebonyeza kabla halijaisha anaruhusiwa, ila msomaji hunyamaza hapo hapo na mchezaji hujibu kwa alichosikia. Akikosa, upande wa pili husomewa swali zima na kupewa nafasi. Jibu litolewe katika sekunde 5. Pande zibadilishane vitufe nusu ya mchezo, kama timu za mpira zinavyobadilishana magoli, kwa sababu rilei moja yaweza kuwa nyepesi kuliko ya pili, na haki haiogopi kukaguliwa.

Maswali yachanganye mambo ya nchi, ya lugha na ya maisha. Kwa mfano: Jeshi la King's African Rifles, ambalo lilieneza Kiswahili katika kambi nyingi za eneo hili, liliundwa mwaka gani? Ni 1902. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka gani? Ni 1977. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi wapi na lini? Ni Arusha, tarehe 30 Novemba 1999. Ni mwaka gani Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili? Ni 2005. Nini wingi wa neno ufunguo? Ni funguo. Rilei hutumia nini kuuvuta ulimi wake? Mtoto aliyesaidia kukitengeneza kisanduku hatalikosa hilo la mwisho, na hapo tutakuwa tumepata fundi mmoja zaidi katika kambi.

KILICHOTOKEA BARAZANI

Kisanduku kilipokamilika sikutuma mtoto kuwaita majirani. Nilikwenda mwenyewe hadi mlangoni pa yule konstebo. Aliponiona alitaka kusimama wima, nikamzuia.

“Afande,” akasema, “yale yalikuwa mambo ya watoto tu.”

“La,” nikamjibu. “Kosa lilikuwa la mtu mzima. Mwombe binti yako aje Jumapili. Nami nakuomba uje pamoja naye.”

Jumapili ile koplo fundi alinipa jaribio, nami namshauri kila mwamuzi alifanye kwake. Kisanduku kilifunikwa kwa kitambaa ili mimi nisizione taa, na kengele ikanyamazishwa. Kila waliponyanyua mkono mmoja na kubonyeza kwa mkono wa pili, niliandika katika daftari jina la niliyemwona ametangulia, kisha koplo akafunua kitambaa. Pale palipokuwa na tofauti kubwa sikukosea. Pale palipokaribiana nilikosea mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimeandika jina la mwanangu. Konstebo alitazama chini. Mimi nililiacha daftari wazi juu ya meza ili kila mtu alione.

Kabla hatujaanza mchezo wenyewe, binti aliuliza kwa adabu kama pointi ya Margherita itarudishwa. Swali hilo lilikuwa gumu kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika. Kengele haiwezi kutoa ushahidi wa Jumapili iliyopita, na mimi, ambaye nilikuwepo, nimeonekana kuwa shahidi asiyeaminika. Kwa hiyo nilifanya kama inavyofanywa kesi inapokosa ushahidi: nililifuta swali lile, nikaandika pande zote sawa, nikasema kwamba litaulizwa swali jingine la mwisho mahali pake, na kwamba mimi sitasema neno mpaka taa iwake.

Nikasoma: “Ni nchi gani iliyokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024?”

Kengele ililia kabla sijainua macho. Taa iliyowaka ilikuwa ya upande wa mwanangu. Akajibu, “Somalia,” na jibu likawa sahihi.

Baraza likanyamaza, na wazazi wote wakamtazama yule binti. Alikuwa amekishika kitufe chake bado. Akaitazama taa, akakibonyeza kitufe tena mara mbili kuona kama kitabisha, nacho hakikubisha. Kisha akacheka, akampigia mwanangu makofi, na kuniambia, “Baba, soma jingine.”

Ndugu askari, sisi ambao kazi yetu ni kuwaambia wananchi waheshimu sheria twapaswa kukumbuka kwamba mtu hukubali kushindwa anapokuwa na hakika kwamba hakuonewa. Mtoto hujifunza hakika hiyo nyumbani kabla ya kuiona mahakamani au katika kikosi. Mwanzo wake waweza kuwa rilei mbili, betri ya pikipiki, na mzazi anayekubali kupimwa mbele ya jirani yake. Jioni ile tulicheza mpaka kipenga cha zamu kilipolia, na kandambili za yule binti zilibaki mlangoni pamoja na za wenzake.